Vipandio Kumi na Tisa

Shule ya Wasichana, Misheni
12 Juni 1949

Baba,

Nilifika Jumatatu nikiwa nimelowa chapachapa, na hakuna aliyenigombeza kwa kuchelewa. Wiki nzima nimekuwa nikitafuta namna ya kuandika jambo hili. Uso kwa uso nisingeweza kulisema.

Siku ya mwisho ya likizo nilimwona Mama akishuka ngazi yetu ya udongo, kutoka mlangoni kwenda jikoni kule chini. Alishuka kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, huku ameshika nyasi za kando. Fimbo yake alikuwa ameitupa mbele ili aikute chini. Aliponiona akajifanya anaokota kitu. Akaniambia nisikuambie. Sasa nimekuambia.

Tangu aanguke pale mwezi wa Machi na kuumia nyonga, mwanamke aliyekuwa akienda kanisani akiimba njia nzima sasa anakaa ndani kutwa kama kuku anayeatamia. Najua unavitengeneza vipandio kila mvua inapopita, kisha mvua inarudi. Sikulaumu. Lakini hapa shuleni kuna kabati la vitabu ambalo wasichana wengine hawaligusi, na ndani yake nimepata kitabu cha Kiingereza cha majengo ya shambani. Nataka nikutafutie kitu cha kujengea ngazi ambacho kitadumu na ambacho bei yake hatutashindwa.

Naomba unijibu haya. Ngazi ina vipandio vingapi? Udongo ni mwekundu mpaka chini au kuna mwamba? Maji ya mvua huja kutoka upande gani?

Msalimie Mama, na usimwambie kwamba nimekuambia.

Binti yako,
Jemutai


Shamba la Bwana Kofia
Njia ya Ziwa, Eldoret
26 Juni 1949

Mwanangu Jemutai,

Shitanda, karani wa maziwa, amenisomea barua yako mara mbili. Vipandio ni kumi na vinne. Udongo ni mwekundu, mwamba sijaufikia. Maji huja kutoka juu, kama maji yote. Shitanda amecheka hapo. Sijui amecheka nini.

Nimeweka magogo ya mti wa wattle kwenye kila kipandio na kuyazuia kwa vigingi. Inatosha. Mama yako hana haja ya kushuka. Maji ninachota mimi. Majirani wanacheka kuona mwanamume na mtungi, wacha wacheke, meno ni yao.

Usihangaike na ngazi. Soma vitabu vya mtihani.

Baba yako,
Kiprono arap Kibet

Haya ni yangu mimi Shitanda. Baba yako ni Mnandi, mimi ni Mkabrasi, kwa hiyo ananitamkia kwa Kiswahili chake cha kupasulia kuni na mimi ninakipiga randa. Ukikutana na neno zuri, ujue ni langu.


Shule ya Wasichana, Misheni
10 Julai 1949

Baba,

Nimesoma na nimeuliza watu. Hivi ndivyo nilivyopata.

Gogo la wattle likilala kwenye udongo wenye maji huoza baada ya masika mawili, na mchwa hawangoji hata hayo. Mkaratusi hupasuka. Mtarakwa hauliwi na mchwa na nguzo yake hukaa miaka ishirini, lakini ukilowa huteleza, na Mama ana mguu mmoja tu wa kuuamini. Tofali la kuchoma hulika kwenye ukingo, pale pale mguu unapokanyaga. Saruji tupu juu ya udongo mwekundu hupasuka, kwa sababu udongo huo hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukanywea.

Linabaki jiwe. Kuna fundi wa mawe hapa misheni, Fundi Wepukhulu, aliyejenga ngazi za kanisa. Ilinichukua siku tatu kumsogelea. Nilipomwuliza habari za ngazi, alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni akasema, "Wewe msichana, unataka kuoa?" Wanafunzi wake wakacheka mpaka mmoja akaangusha karai. Nikasema hapana, ni za mama yangu. Basi akaacha utani, akachukua nyundo akanionyesha. Jiwe bovu ukiligonga hujibu pu, kama boga. Jiwe zima hulia. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia, akasema, "Eldoret? Mawe ya kule hulia kama kengele. Mnakaa juu ya mali halafu mnaniuliza mimi."

Yako mtoni, Baba, hatua mia mbili kutoka mlangoni petu, na hayauzwi. Saruji ni ya kuziba nafasi katikati tu, mfuko mmoja utatosha. Fundi anasema ngazi kama hiyo hukaa miaka mia.

Binti yako,
Jemutai


Shamba la Bwana Kofia
24 Julai 1949

Mwanangu Jemutai,

Nimesikia habari za mawe. Mawe ni mazito na mgongo wangu si ule wa zamani. Tena jiwe lina baridi, mama yako ataumwa na miguu. Tena mto umejaa. Tena mfuko wa saruji ni wa kubebwa kutoka Sisibo, yaani Eldoret mjini, na mimi sina gari.

Magogo yanatosha. Nikipata nafasi nitatafuta mtarakwa.

Mama yako anauliza kama mnakula vizuri.

Baba yako,
Kiprono arap Kibet

Mimi Shitanda tena. Binti, chagua mti. Mtarakwa ni mti wa heshima, na ukiteleza mtu anaweza kuuchanja kwa panga ukashika mguu. Nilikuwa nimeandika maneno zaidi hapa. Baba yako akaona kalamu inakwenda na yeye hajatamka kitu, akaniuliza ninaandika nini, nikayakata. Chagua mti.


Shule ya Wasichana, Misheni
7 Agosti 1949

Baba,

Mama wa Namalwa, yule jirani yetu, alipita hapa kumtembelea binti yake. Amesema Mama alianguka tena katikati ya Julai, gogo la tatu lilipong'oka, na kwamba ulimkuta amelala chini na mvua inamnyeshea. Katika barua yako hukuandika neno.

Nimejibu kila ulilosema. Mto ukijaa, mwezi wa Septemba utapungua. Jiwe likiwa na baridi, Mama ana viatu alivyopewa hospitali. Mgongo ukiuma, mawe hayabebwi, huburutwa kwa ngozi ya ng'ombe, Fundi Wepukhulu ameniambia. Saruji Mzee Shitanda anaweza kuileta kwa baiskeli. Namshukuru kwa shauri la mti, lakini naona anatuhurumia kwa sababu anadhani hatuwezi kununua saruji.

Sijui niseme vipi bila kukosa adabu. Nyumba ya Bwana Kofia ina ngazi za mawe mbele na nyuma. Ulituambia tukiwa wadogo kwamba ni wewe uliyeyabeba na kuyapanga, jiwe kwa jiwe, na hakuna hata moja lililotikisika mpaka leo. Ulipotuambia ulikuwa unacheka. Kwa nini za Bwana uliziweza na za Mama huziwezi?

Nisamehe.

Jemutai


Shamba la Bwana Kofia
21 Agosti 1949

Jemutai,

Nimeanza. Niandikie vipimo.

Baba yako,
Kiprono arap Kibet

Shitanda hana la kuongeza.


Shule ya Wasichana, Misheni
28 Agosti 1949

Baba mpendwa,

Niliposoma barua yako nilikwenda nyuma ya bweni nikakaa peke yangu kwa furaha.

Vipimo ni hivi. Kimo cha kipandio cha mtu mzima ni inchi saba, lakini kwa nyonga ya Mama nimeweka inchi tano, ili anyanyue mguu kidogo tu. Kwa hiyo vipandio havitakuwa kumi na vinne, vitakuwa kumi na tisa. Upana wa kukanyaga uwe inchi kumi na nne, miguu yote miwili na fimbo vikae pamoja apate kupumzika. Anza chini, usianze juu. Jiwe la kwanza lizikwe nusu. Kila jiwe likalie mgongo wa jiwe lililo chini yake, na liinamie mbele kidogo sana, kiasi cha unene wa kidole, ili maji yasituame. Kando ya ngazi chimba mfereji. Nimechora picha, mwambie Mzee Shitanda asiikunje.

Kabla ya kupanga, gonga kila jiwe. Lisilolia, liache.

Binti yako,
Jemutai


Shamba la Bwana Kofia
25 Septemba 1949

Mwanangu Jemutai,

Ngazi imekwisha. Nilifanya kazi Jumapili, Bwana anapokwenda kanisani kwao mjini, na siku nyingine alfajiri kabla ya kukamua. Jiwe la tisa lilinishinda, nikalirudisha mtoni nikatafuta lingine. Yote yanalia.

Saruji aliileta Shitanda kwa baiskeli, chini ya gunia la pumba. Anasema gurudumu la nyuma halitamsamehe.

Mama yako ameshuka. Nilitaka kumshika mkono, akanipiga kwa fimbo, akasema nisimame mbali kama mgeni. Alishuka kumi na tisa, akakaa jikoni kidogo, akapanda tena kumi na tisa. Halafu akashuka tena bila sababu. Sasa kila asubuhi yuko chini. Anaimba, na sauti imeharibika, lakini anaimba. Amesema nikuandikie hivi: "Mwambie Jemutai nilishuka mwenyewe."

Nimeyafunika mawe kwa nyasi na udongo kidogo. Habari ya ngazi hii iwe yetu, usiitangaze.

Baba yako,
Kiprono arap Kibet


Shule ya Wasichana, Misheni
9 Oktoba 1949

Baba mpendwa,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Namwona Mama akikupiga kwa fimbo.

Umenifundisha unyenyekevu kwa kusema nisitangaze, na mbele ya wasichana sijajisifu. Ila nina mambo mawili. Nyasi uliyofunikia uiondoe, saruji imekwisha kukauka, na nyasi mbichi itamtelezesha Mama. Na kazi ya Jumapili, Baba, najua ulikuwa na haraka, lakini sasa tumalize kwa heshima.

Jambo jingine. Mwalimu Tryphosa anatufundisha barua za shukrani kwa Kiingereza, na alituambia kila mmoja aandike barua ya kweli kwa mtu wa kweli aliyemsaidia. Nilifikiri sana. Mawe yalitoka katika mto ulio ndani ya shamba la Bwana, na mtu hachukui kitu cha jirani akanyamaza. Basi nimemwandikia Memsahib. Nimemshukuru kwa mawe, nikaeleza ugonjwa wa Mama, na jinsi ulivyojenga vipandio kumi na tisa vitakavyokaa miaka mia. Niliiandika mara nne. Mwalimu amesema ndiyo barua bora ya darasa, akaitia stempu kwa mkono wake.

Binti yako,
Jemutai


Eldoret
19 Oktoba 1949

Jemutai,

Mimi napata barua yako. Kizungu yako mzuri sana, mzuri kupita Kizungu yangu, kwa sababu mimi Kaburu. Kwa hii naandika Kiswahili. Mimi nafurahi wewe nasoma shule.

Mimi hapana jua baba yako najenga ngazi ya mawe. Mimi nasomea Bwana barua yako wakati ya chakula. Yeye hapana jua pia. Yeye nasema kesho kutwa atakwenda kuona.

Pole kwa mama.

Memsahib


Shule ya Wasichana, Misheni
23 Oktoba 1949

Baba mpendwa,

Memsahib amenijibu kwa mkono wake mwenyewe. Anasema Bwana atakuja kuiona ngazi. Sijui barua hii itafika kabla yake, ninaiandika haraka.

Vaa shati jeupe la kanisani. Ondoa nyasi, osha vipandio kwa maji ili rangi ya mawe ionekane. Bwana akikuuliza, usiseme kidogo kidogo kama kawaida yako, mweleze jinsi kila jiwe linavyokalia lingine. Labda atakupa kazi ya kujenga badala ya kukamua. Nimeota hivyo.

Mama naye apande na kushuka mbele yake, aone.

Jemutai


Shamba la Bwana Kofia
6 Novemba 1949

Binti Jemutai,

Leo ninaandika mimi Shitanda, kwa kalamu yangu na maneno yangu, na baba yako hajui. Alinikataza. Lakini mwezi ujao ungekuja likizo ukute watu wengine, na hilo siwezi.

Kuna mkataba wa skwota, yaani mfanyakazi anayeishi kwenye shamba la Mzungu. Nimeusomea watu wengi kabla ya kuweka kidole gumba, na nilimsomea baba yako pia. Unasema nyumba ya mfanyakazi itakuwa ya fito, udongo na nyasi. Jiwe, tofali na saruji ni marufuku, ndani na nje. Maana yake ni kwamba siku mkataba unapokwisha nyumba irudi udongo na isibaki alama kwamba mtu alikaa. Baba yako ameishi chini ya maneno hayo miaka kumi na minane. Nyinyi watoto aliwaambia kwamba anapenda udongo kwa sababu una joto. Nilipomshauri akuambie ukweli alinijibu, "Mtoto anayesoma vitabu vya Wazungu akijua kwamba babake haruhusiwi kuweka jiwe mlangoni pake, ataniangalia vipi?" Kwa hiyo akasema mgongo. Kwa hiyo akasema baridi. Wewe ukayajibu yote, moja baada ya jingine, kwa ufasaha.

Barua yako ya Agosti, ile ya ngazi za Bwana, nilimsomea tukiwa tumesimama kwenye lango la maziwa. Akasema, "Soma tena hapo mwisho." Nikasoma. Akasema, "Leo Bwana yuko wapi?" Nikasema mjini. Akaenda mtoni.

Bwana alikuja Ijumaa na karatasi yako mkononi. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Mama yako alikuwa chini anamenya viazi. Bwana akaondoa nyasi kwa kiatu, akapanda mpaka juu, akashuka, akagonga kwa bakora. Jiwe likalia. Akasema, "Arap Kibet, hii kazi mzuri sana. Nani nafundisha wewe?"

Baba yako akasema, "Wewe, Bwana. Mwaka ule wa nzige, nyumbani kwako."

Bwana akaitazama tena ngazi. Kisha akasema, "Mtu kama najenga ya mawe, yeye nafikiri hapa kwake." Mkataba unaisha tarehe thelathini mwezi huu. Hautaandikwa mwingine.

Mama yako alimfuata Bwana kwa ngazi mpaka juu, alikoacha farasi, kwenda kumwombea baba yako. Alipofika, Bwana alikuwa ameshapanda farasi.

Barua yako haikuwa na kosa hata moja. Bwana mwenyewe aliniambia hivyo. Nimekaa na jambo hili siku kumi na sita, sijui nililitaka likufikie au lisikufikie.

Ile nyingine, ya shati jeupe, ilifika siku nne baadaye. Nimekuwa karani hapa miaka tisa, na hiyo ndiyo barua pekee ya mtu ambayo sikumsomea mwenyewe. Ninayo kwenye kasha la daftari za maziwa.

Shitanda


Kwa Kimutai, upande wa Nandi
11 Desemba 1949

Mwanangu Jemutai,

Anayeniandikia ni Mwinjilisti Jackson wa hapa. Tumehamia kwa mjomba wako Kimutai. Ametupatia ghala lake la mahindi, tunakaa humo.

Bwana hakuandika mkataba. Kuna mtu alipita pale akaona mawe, akaenda kusema. Sijui ni nani, watu ni wengi. Jambo la mawe lilikuwa langu. Nilijua, nikafanya. Lisikuingie moyoni.

Tulisafiri kwa gari la ng'ombe siku mbili. Nyonga ya mama yako imevimba tena, haketi. Mganga wa serikali yuko mbali. Ng'ombe wamebaki wawili, nyasi za mjomba wako hazitoshi zaidi.

Hapa ni tambarare. Ngazi haihitajiki.

Ukija, njoo na blanketi lako.

Baba yako,
Kiprono arap Kibet


Shule ya Wasichana, Misheni
22 Januari 1950

Baba,

Siku kumi na nane nilizokaa nanyi ghalani hukusema neno juu ya barua yangu kwa Memsahib, na mimi sikusema. Ulipokuwa unanisindikiza barabarani nilitaka kusema. Ukaniuliza kama nina kalamu ya kutosha, nikasema ninayo.

Ninajua yote. Mzee Shitanda aliniambia mwezi wa Novemba. Usimkasirikie. Nilipofika Krismasi nilikuwa nimekwisha kujua ni nani "alipita pale akaona," na wewe uliniangalia usoni ukarudia maneno yale yale, nami nikaitikia.

Jioni moja ulipokuwa kwa ng'ombe, Mama aliniuliza kama zile ngazi bado zipo. Nikasema sijui. Akasema, "Zilikuwa fupi fupi, kama za mtoto. Mguu ulijua wenyewe." Akageukia ukutani.

Kwa sababu hiyo sikuja shuleni moja kwa moja. Nilipata lori mpaka mjini, nikatembea njia ya Ziwa. Mzee Shitanda alinikuta langoni akanipeleka kwa njia ya mtoni. Amezeeka. Hakufanya utani hata mara moja.

Nyumba haipo. Walivuta nguzo, nyasi wakaichoma, na mvua imesawazisha udongo, sikuweza kuonyesha tulipokuwa tukilala. Jiko halipo. Wamelima mpaka kwenye ukingo, watapanda ngano. Ngazi zipo. Shitanda anasema walifunga mnyororo kwenye trekta wakavuta jiwe la chini kabisa, lile ulilozika nusu, mnyororo ukakatika, Bwana akasema waache. Sasa trekta likifika pale linazunguka. Zimesimama zenyewe katikati ya shamba lililolimwa, zinapanda kutoka mahali pasipo na jiko mpaka mahali pasipo na mlango.

Nilitaka kuona kitu kimoja kibaya, Baba. Sijui kwa nini. Nilifikiri nikipata jiwe moja limelegea au saruji imepasuka, nitaweza kukuandikia kwamba hata hivyo zisingedumu, kwamba nilikosea tangu mwanzo, kwamba kitabu kilikuwa kibovu na Fundi Wepukhulu ni mwongo. Nilikuwa na rula yangu ya shule. Nilipima kimo cha kila kipandio, inchi tano, inchi tano. Nilimwaga maji ya mtoni kwa kofia ya Mzee Shitanda, yakateremka bila kutuama. Nikaazima bakora yake, nikagonga jiwe moja moja, na Mzee akasimama mbali ameinamisha kichwa kama mtu aliye msibani.

Kumi na tisa. Yote yalilia.

Huyo Mwinjilisti akikusomea barua hii, mwombe asisome kwa sauti Mama akiwa macho. Au mwache asome, sijui tena lipi ni jema. Nilitafuta kosa kutoka chini mpaka juu, na sikulipata.

Jemutai